Patek Philippe Calatrava 6119R: saa isiyo na pa kuficha kosa

Assalaam aleikum, na habari zenu wote mnaotazama. Leo naingia moja kwa moja, maana saa yenyewe iko hapa mezani na mwenye saa amekaa pembeni yangu. Hii ni Patek Philippe Calatrava, saa ya Uswisi, namba 6119R. Ile R ni ya dhahabu nyekundu, karati 18. Ilitoka mwaka 2021 pamoja na mwenzake wa dhahabu nyeupe, 6119G, ambaye uso wake ni wa kijivu cha mkaa. Saa ni ya Daktari wetu, sasa amestaafu. Mkono wake mtauona kwenye kamera, sura na jina ameomba tuviache. Shikamoo tena Daktari, na ahsante sana kwa kutuamini.

Niseme jambo moja mapema ili tuelewane. Mimi ni Mwislamu, dhahabu siivai. Kwa hiyo saa hii nitaishika, nitaikagua, lakini kuvaliwa itavaliwa na Daktari. Suala la dhahabu nitalirudia, najua wengi wenu linawagusa.

Tuanze na uso wake. Nasogeza kamera taratibu, hapo hapo. Uso ni wa rangi ya fedha, lakini ukiukaribia unaona haung'ai ovyo. Una chembechembe ndogo mno zinazoutuliza mwanga badala ya kuurudisha wote machoni mwako. Mishale ni mitatu basi: wa saa na wa dakika katikati, na wa sekunde umepewa kiduara chake chini, pale penye sita. Hakuna tarehe. Hakuna tarakimu hata moja ya saa. Alama za saa ni vipande vya dhahabu vilivyochongwa pande pande na kupachikwa juu ya uso, havikuchorwa. Sasa angalieni mshale wa dakika ninapoigeuza saa kidogo. Una mgongo katikati, kwa hiyo upande mmoja unawaka na wa pili unabaki giza. Nikigeuza tena, uliowaka unazima na mwenzake unawaka. Mmeona? Hapo hakuna rangi wala taa, ni pembe ya uchongaji tu. Ndiyo maana mshale wa dhahabu unasomeka vizuri juu ya uso wa fedha, hata mchana wa jua kali.

Na kwa sisi tunaohesabu saa tangu macheo, uso usio na tarakimu una raha yake. Mshale mfupi ukifika pale ambapo saa nyingine ingeandika saba, sisi tunasema saa moja asubuhi na maisha yanaendelea. Saa hii haibishani na mtu.

Sasa hoja yangu ya leo. Nyumba hii hii ya Patek ndiyo iliyotengeneza Grandmaster Chime, saa yenye uso mbele na uso mwingine nyuma, na moja yake iliuzwa kwenye mnada wa hisani Geneva, Novemba 2019, kwa faranga za Uswisi milioni 31. Ni kazi ya kutisha, sina ubishi. Lakini saa ya mambo mengi inampa fundi mahali pa kujificha, kwa sababu jicho halijui lianzie wapi. Kwenye hii vitu ni vichache na vyote viko wazi. Alama moja ikipinda kidogo, utaiona kabla hujamaliza kusoma saa. Mshale wa dakika ukiwa mfupi kwa nusu milimita, usiifikie ile reli ya dakika, yaani mistari ya dakika inayozunguka pembeni, uso mzima utaonekana umekosewa, hata kama huwezi kueleza kosa liko wapi. Watu wakiniuliza kwa nini saa ya mishale mitatu ipewe heshima hii yote, jibu langu ni hilo. Hapa umelipia vipimo, na vipimo havidanganyi.

Uzuri wake una historia, tena historia ya shida. Kampuni ilianza mwaka 1839 Geneva, mwanzilishi akiwa Antoni Patek, Mpolandi aliyekuwa uhamishoni. Mwaka 1845 akajiunga naye fundi Mfaransa, Adrien Philippe, aliyebuni utaratibu wa kutia saa ufunguo na kurekebisha mishale kwa kitufe cha pembeni, wakati ambapo watu walikuwa bado wanachomeka ufunguo kwelikweli kwenye saa zao za mfukoni. Basi kile kitufe unachokizungusha kwenye saa yako leo, jina la mmoja wa baba zake limeandikwa kwenye uso huu.

Ukaja mdororo wa uchumi wa 1929 na kampuni ikayumba. Waliokuja kuinunua, mwaka 1932, ni ndugu wawili, Charles na Jean Stern, ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza nyuso za saa na Patek walikuwa wateja wao. Mwaka huo huo ikatoka Calatrava ya kwanza, namba 96, yenye upana wa milimita 31 hivi. Hebu fikirini: mafundi wa nyuso wanaingia kwenye kampuni yenye madeni, na saa wanayoitoa ina uso ambao karibu hauna kitu. Walijua wanachofanya. Zilikuwa pia zama za Bauhaus, ile shule ya Ujerumani iliyofundisha kwamba umbo la kitu lifuate kazi yake, na ukiitazama namba 96 unayaona mawazo hayo waziwazi. Ukoo wa Stern unaimiliki kampuni mpaka leo.

Jina Calatrava lenyewe ni la chama cha wapiganaji wa Hispania cha karne ya 12. Alama yao ya msalaba ndiyo nembo ya Patek tangu 1887, na ipo hapa kwenye kitufe. Tuendelee.

Ukingo unaozunguka kioo, tazameni. Kwa mbali unaona unametameta tu. Kwa karibu ni safu za vipiramidi vidogo, kila kimoja na pande zake nne, vimezunguka mduara mzima. Patek waliuweka mchongo huu kwenye namba 96 yao moja ya mwaka 1934, ikaitwa 96D. Mwaka 1985 ikatoka namba 3919 yenye mchongo huo, iliyoshika sana kwenye mikono ya watu wa mabenki kiasi cha kupewa jina lao. Mwaka 2006 ikaja 5119, milimita 36. Halafu hii, milimita 39.

Hapa kwenye ukubwa nataka tukae kidogo, maana ndipo 6119 iliponiteka kabisa.

Mshale mdogo wa sekunde hauwekwi tu popote fundi anapotaka. Unabebwa na gurudumu lililo ndani ya mashine. Mashine ikiwa ndogo, gurudumu lile liko karibu na katikati. Ile 5119 ilitumia mashine namba 215, ambayo ni nzuri sana na nyembamba sana, lakini upana wake haufiki milimita 22. Ukiiweka ndani ya saa ya milimita 36, kiduara cha sekunde kinabaki kimejisogeza katikati, mbali na ukingo, na chini yake panabaki nafasi tupu. Viwanda vingi vinafanya hivyo: vinakuza gamba la saa kwa sababu soko linataka saa kubwa, ndani mnabaki mashine ile ile ya zamani. Ukishalijua hili, kila saa utakayoiona dirishani utaangalia kwanza kiduara cha sekunde kiko wapi.

Kwa 6119, Patek walitengeneza mashine mpya, 30-255 PS. Upana milimita 31, unene milimita 2.55, unene ule ule wa 215. Kwa hiyo kiduara cha sekunde kimeshuka mpaka mahali pake, karibu na reli ya dakika, kimekaa kwa nafasi. Tazameni umbali kutoka katikati hadi kwenye kiduara, kisha kutoka kwenye kiduara hadi ukingoni. Hiyo ndiyo sababu saa ya milimita 39 haionekani kubwa. Mimi ni mtu wa saa ndogo, ningependelea hata 37, lakini hapa sina malalamiko, kwa sababu ukubwa umeanzia ndani ukaja nje.

Nageuza upande wa nyuma. Kioo cha nyuma kinaonyesha mashine yote. Vipande 164. Mawe mekundu haya ni yakuti ya kutengenezwa, ndiyo yanayoshika ncha za magurudumu zisisagike. Na kuna springi mbili, ndizo zinazoisukuma mashine. Kwa kawaida ukisikia saa ina springi mbili, moja inafuata nyingine ili saa iende siku nyingi. Hizi zinafunguka kwa pamoja. Walichotafuta ni nguvu ya kusukuma, ili gurudumu la mizani lipige mara 8 kila sekunde bila kulegea, mara 28,800 kwa saa moja. Ikijaa inakwenda angalau saa 65. Ukiijaza na kuivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi unaikuta inakwenda. Na ukivuta kitufe, mshale wa sekunde unasimama, unaipanga saa yako kwa sekunde kamili. Ile 215 haikuwa na hilo.

Daktari, naomba uitie ufunguo tuwasikilizishe. Nasogeza kinasa sauti. Sikilizeni.

Mmesikia? Mlio ni mkavu, mdogo, na kila hatua ni sawa na iliyotangulia. Kidole hakikwami popote, na kuelekea mwisho unaona kitufe kinaanza kukataa, ndipo anaacha. Daktari anafanya hivi kila asubuhi baada ya chai, na aliniambia kitu kabla hatujawasha kamera ambacho nimeomba ruhusa nikiseme. Kasema: "Hii ndiyo kazi pekee asubuhi ambayo sina haraka nayo." Mtu aliyekimbia wodini maisha yake yote.

Sasa najua kuna kijana pale anasema, simu yangu ina saa sahihi zaidi na sikuilipia hata senti kwa ajili hiyo. Ni kweli. Muhuri wa Patek, alama yao wenyewe ya ubora, ulipoanza 2009 ulitaka saa yenye mashine ya ukubwa huu isichelewe zaidi ya sekunde 3 wala kutangulia zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Saa ya betri ya bei ya chakula cha mchana inaweza kushinda hapo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walitoa Astron Tokyo, saa ya mkono ya kwanza kuuzwa ya kwazi, jiwe linalotetemeshwa na betri, na ikawa balaa kwa Uswisi. Wafanyakazi wa saa waliokuwa kama 90,000 mwaka 1970 walibaki kama 30,000 kufikia katikati ya miaka ya 1980. Vijiji vizima vilipoteza kazi. Kampuni zilizookoka hazikuokoka kwa usahihi, ziliokoka kwa sababu kuna watu waliendelea kutaka kitu kilichotengenezwa na mkono, kinachofunguka, kinachotengenezeka. Patek wanasema wanakarabati saa yoyote waliyowahi kutengeneza tangu 1839. Simu yako ya miaka sita iliyopita ipeleke kwa walioitengeneza uone watakwambia nini.

Na kuna ule utulivu wake, ambao mimi naupenda kuliko dhahabu yenyewe. Mwaka huo huo wa 2021, dunia ya saa ilikuwa inapiga kelele kuhusu Nautilus 5711, saa ya chuma ya nyumba hii hii iliyokuwa inaachwa kutengenezwa, watu wanaiuza kwa bei mara kadhaa ya dukani. Hii ikaingia kimya kimya. Ukiingia msikitini Ijumaa kanzu zote ni nyeupe, kwa mbali huijui ya dukani na iliyodariziwa kwa mkono shingoni. Anayejua anatazama kola, na mwenye kanzu anajua alichovaa, basi. Daktari anasema amepanda daladala na saa hii na hakuna aliyeitazama mara mbili. Sisemi muige, ila mmenielewa.

Haya, dhahabu. Kwa mwanamume Mwislamu, kuvaa dhahabu kuna hukumu yake inayojulikana, na msidanganywe na muuzaji kwamba 6119G ni nafuu kwa sababu ni nyeupe. Dhahabu nyeupe ni dhahabu iliyochanganywa na madini mengine. Njia ambayo ndugu zetu wengi wanaichukua ni platinamu. Aprili 2025 Patek walitoa 6196P, platinamu, milimita 38, mashine hii hii ya 30-255 PS, uso wa rangi ya samaki samoni na ukingo laini usio na vipiramidi. Kama saa zao nyingine za platinamu, ina kialmasi kidogo pale chini, katikati ya masikio yanayoshika mkanda, mahali ambapo mvaaji tu ndiye anajua kipo. Ila alama na mishale yake ni ya dhahabu nyeupe, hivyo mwenye kushikilia zaidi amuulize shekhe wake kwanza. Na wale wenye jamaa Maskati, muulizeni mjomba kama hana saa yenye nembo ya jambia la Oman usoni. Sultani Qaboos aliagiza saa nyingi za namna hiyo, za Rolex na za Patek pia, akazitoa zawadi. Kuna familia zina saa hizo kabatini na hazijui zimeshika nini.

Kasoro sasa, na sitazipunguza. Gizani husomi kitu, hakuna rangi inayowaka. Maji ni ya mita 30 kwenye karatasi, maana yake mvua ya ghafla itaistahimili, bahari hapana, na kama unatawadha mara tano basi unaivua mara tano. Mkanda ni ngozi ya mamba, mzuri kwelikweli, ila joto la Dar na jasho letu vitaumaliza mapema, na hapa ndipo panaponiudhi: nafasi kati ya masikio ni milimita 21. Kipimo hicho ni adimu. Mikanda iliyojaa madukani ni ya 20 au 22. Utaagiza au utashonesha. Kwa saa inayotakiwa kurithiwa, wangeweka 20 na maisha yangekuwa rahisi kwa watoto wetu.

Vipiramidi navyo vina tahadhari. Dhahabu ni laini. Fundi wa mtaani akiipeleka kwenye mashine ya kung'arisha dakika chache tu, ncha zinalika na mchongo haurudi. Nimeona 3919 moja ya zamani iliyong'arishwa hivyo, ukingo umekuwa kama umeyeyuka. Ukinunua iliyotumika, ukingo ndio wa kukagua kwanza. Weka mwanga pembeni, zungusha saa polepole, kila piramidi iwe na ncha. Kisha, kama ni saa ya zamani, omba kampuni ikupe ile dondoo ya kumbukumbu zao, inayoeleza saa yenye namba hiyo ilitengenezwa na kuuzwa lini. Muuzaji asiyetaka uombe karatasi hiyo, muage kwa adabu uondoke. Feki za Patek zipo nyingi na nyingine zina mchongo wa kupendeza, lakini huwa zinaanguka kwenye mishale: mgongo wa katikati unakuwa butu, hauwaki upande mmoja kama nilivyowaonyesha.

Bei. Ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa karibu dola 30,000 Marekani, na imepanda tangu hapo. Siwezi kukaa hapa nikamwambia mtu mwenye ada za watoto kwamba anahitaji hii. Mwenye uwezo, na anayetaka saa moja ya suti na kanzu mpaka uzeeni, aende nayo bila wasiwasi. Asiye na uwezo huo lakini anataka ladha ile ile ya uso uliotulia, atafute Longines ya miaka ya 1950 au 1960 yenye kiduara cha sekunde, ambayo haijapakwa uso upya. Chini ya hapo, Orient Bambino ya Japani, chini ya dola 300, ni saa ya kweli yenye mashine ya kweli, na sioni haya kuitaja kwenye meza hii. Ninayo, nimeivaa leo.

Kati ya R na G, mimi nasimama na R. Uso wa kijivu wa G unapendeza kwenye picha, lakini mwanga unaupa michirizi ya wima inayogombana na ule ukingo wa vipiramidi, na mwishowe jicho linapewa kazi mbili. Hii ya Daktari, uso umenyamaza, ukingo unasema peke yake. Na kama ni ya mkono wangu, basi ni ile 6196P, baada ya kuongea na shekhe.

Daktari, pokea saa yako. Ahsante.